Spre ya Harusi na Swali la Habo Sahra

Ipo siku moja, mdogo wangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka mabega yananipanda. Niliiamkia bila kulala, kwa sababu ya vipimo vitatu ambavyo havikutaka kupatana. Nilivipata mwenyewe, kwa mikono yangu, kutoka katika mkebe mmoja wa spre ya mwilini, na swali lililoninyima usingizi lilikuwa jepesi kulisema: ni mimi niliyekosea, au ni spre inayodanganya? Nikisema spre inadanganya, na kumbe kosa ni langu, nitakuwa nimemharibia mama wa watu jina lake sokoni. Nikinyamaza, na kumbe spre kweli inadanganya, huenda mwanamke akashika moto siku ya harusi.

Nakuandikia wewe unayeanza kazi ya maabara mwaka huu, na hasa wewe mwenye kichwa kama changu, kinachofikiri jambo mpaka jambo lenyewe linachoka. Mimi si mzee. Nimekutangulia kidogo tu, na nyumbani bado natumwa dukani kununua sukari. Lakini wapo waliosubiri uzee ndipo waseme, na walipofika huko wakawa wamesahau. Mimi bado nakumbuka, basi acha niseme.

Maabara yetu iko mjini Garissa. Wateja wengi hutuletea maji ya visima na maziwa ya ngamia, na siku nyingi kazi yangu ni hiyo. Mashine ya kromatografia ya gesi ilikuja baadaye, ikawekwa chumba cha nyuma chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kikitaka. Kama hujaiona mashine hiyo, ni tanuri dogo lenye bomba jembamba kama uzi, limezungushwa ndani yake mara nyingi. Unadunga tone la sampuli kwa sindano, linageuka mvuke, kisha gesi ya naitrojeni inausukuma mvuke ule kupitia bomba. Kila kitu kilichomo kina mwendo wake. Vyepesi hutoka mapema, vizito hujikokota. Kila kinapotoka kimoja, kompyuta inachora mlima mdogo ambao sisi tunauita kilele. Mahali kilele kinaposimama panakuambia ni kitu gani. Ukubwa wake unakuambia kipo kiasi gani. Mahali na ukubwa: shida yangu yote ya wiki ile ilikuwa kuyafanya mambo hayo mawili kuwa jambo moja.

Jumatatu hiyo aliingia Habo Sahra. Habo ndivyo tunavyomwita mwanamke wa rika la mama zetu, na huyu ni rafiki wa mama yangu tangu utoto. Anauza manukato sokoni: mafuta ya attari, ubani, uunsi ambao ni udi wetu uliopikwa kwa sukari, na siku hizi spre za mikebe. Alikuwa na mfuko wa nailoni mkononi. Hakungoja kiti. Alisema kwa Kisomali, nami nakupa maana yake:

"Hibo, binti ya Maryan, wewe ndiye yule aliyesomea moshi?"

"Kemia, Habo."

"Ndiyo hiyohiyo."

Akatoa mikebe miwili akaiweka mezani, mmoja ulioanza kutumika na mwingine ambao haujafunguliwa. Ilikuwa na picha ya waridi, na chini ya waridi maandishi kwa lugha tatu yakisema kitu kimoja: haina pombe. Niliigeuzageuza nikitafuta alama ya moto ambayo mikebe ya aina hiyo huwa nayo. Sikuiona.

Kisha akanieleza. Mteja wake mmoja alipuliza spre ile kwenye shash, yaani mtandio wake, akaushika juu ya dabqaad. Moto wa samawati ukapanda pembeni mwa kitambaa. Mama yule aliutupa chini akaukanyaga, akapona, lakini kesho yake alikuja sokoni na mtandio uliobabuka, akausimamisha mbele ya meza ya Habo Sahra kama bendera, watu wote wauone.

Lazima nikueleze kidogo, maana huenda wewe hukukulia kwetu. Dabqaad ni chetezo cha udongo. Unaweka makaa, juu yake uunsi, moshi ukipanda unazifukiza nguo zako, na wengine husimama juu yake nguo ikiwafunika kama hema. Na kila msichana wa kwetu anafundishwa utaratibu: moshi kwanza, manukato ya chupa baadaye, makaa yakishaondolewa. Kwa nini? Kwa sababu manukato ya chupa yana pombe na pombe inawaka. Hakuna anayehitaji kuwa na digrii kulijua hilo. Lakini spre hii ilivunja utaratibu. Watu walisoma "haina pombe" wakadhani ni maji yenye harufu, wakaanza kuipuliza kwanza ili nguo iwe na unyevu na moshi ushike vizuri. Maandishi yale madogo chini ya waridi yaliwaondolea hofu ambayo bibi zao waliwawekea.

"Ijumaa ni harusi ya binti ya dada yangu, kule mtaa wa Galbet," alisema Habo Sahra. "Kila mwanamke atakayekuja anapewa mfuko, na ndani ya mfuko mkebe mmoja. Katoni ziko tayari. Wanawake wote hao watavaa dirac." Dirac ni gauni letu la harusi, jepesi kama pumzi. "Sasa niambie. Mambo ya sala nitamuuliza sheikh. Wewe niambie tu, ina pombe au haina?"

"Nitapima, Habo."

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho ya kwetu au kesho ya ofisini?"

Nikacheka, nikamwambia kesho ya kwetu.

Jumanne asubuhi nikaanza. Kupima kiyeyushi ndani ya mkebe wa spre si kama kupima maziwa. Ndani ya mkebe kuna kimiminika, na kuna gesi iliyobanwa mpaka nayo ikawa kimiminika, vimechanganyika. Ukifungua ovyo, gesi inakimbia na unabaki na nusu ya ukweli. Kwa hiyo unaupima mkebe uzito, unafunga mrija mwembamba kwenye pua yake, unahamishia kiasi kidogo ndani ya kichupa kigumu kilichozibwa, kisha unaupima uzito tena ili ujue umetoa kiasi gani. Ndani ya kichupa unakuwa umeshaweka kiasi unachokijua cha kiyeyushi kingine, kiwe cha kulinganishia. Hayo yote nilifanya. Nilitumia ule mkebe uliofunguliwa. Ule mzima niliuweka kabatini, nikajiambia nitaufungua nikishakuwa na uhakika wa njia yangu.

Kilele cha kwanza kikatokea, cha ile gesi ya kusukuma, jamaa ya gesi ya kupikia. Kisha kikaja kingine, kirefu, kimenyooka, mahali palepale ambapo ethanoli husimama. Nikadunga ethanoli safi peke yake: palepale. Nikachanganya ethanoli safi na sampuli, nione kama vilele vitaachana. Havikuachana, kilibaki kimoja kikawa kirefu zaidi. Nikadunga kiyeyushi changu kitupu bila sampuli: mahali pale hakuna kitu. Hiyo ndiyo pombe, mdogo wangu. Na kwa hesabu yangu ilikuwa kama theluthi ya kilichomo.

Ungekuwa na kichwa kizuri ungeinua simu. Mimi nilisema, ngoja nirudie.

Nilirudia mchana. Hesabu ikanipa zaidi ya theluthi, karibu sehemu mbili kati ya tano. Jumatano nikarudia tena, ikakaribia nusu. Mkebe uleule, mashine ileile, mtu yuleyule. Kitu kimoja kinawezaje kuwa na pombe kiasi tofauti kila ninapokiuliza?

Sasa sikia akili inavyofanya kazi ikiachwa peke yake. Nilifikiri labda ni dawa ya kutakasa mikono, ile tunayopaka mlangoni, ina ethanoli tele, huenda mvuke wake umeingia kwenye sindano. Nikanawa kwa sabuni mpaka ngozi ikakakamaa. Nikafikiri labda ni joto la chumba. Labda umeme ulipopepesa Jumanne tanuri lilipoteza mwelekeo. Labda kuna kitu kingine kabisa, kitu ambacho sijawahi kukisikia, kinachotoka dakika ileile na ethanoli na kukaa juu yake kama mtu na kivuli chake. Nikabadilisha bomba nikaweka la aina nyingine. Ethanoli ikatoka tena, mahali panapotarajiwa. Nikajiambia labda na hili bomba nalo linadanganya. Nikamfikiria mwenye kuleta spre ile mjini akinifikisha mahakamani. Nikamfikiria wakili akiniuliza, "Binti, ni theluthi au ni nusu?" nami nikikosa la kusema mbele ya mama yangu aliyekuja na chupa ya chai.

Habo Sahra alipiga simu Jumanne jioni, nikamwambia inshallah. Akapiga Jumatano, nikamwambia inshallah. Neno hilo ni neno zuri sana, na nilikuwa nalitumia kama pazia.

Alhamisi asubuhi, siku hiyo ninayokuambia, alikuja mwenyewe. Safari hii hakuja kwangu. Alipita mezani pangu kana kwamba mimi ni kiti, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Mwakio, mkuu wetu wa maabara. Bwana Mwakio ni Mtaita aliyekuja Garissa kijana na kuzeekea hapa. Alishawahi kunifundisha, kwa hiyo mimi humwita Mwalimu. Kisomali chake ni kibaya na anakisema kwa fahari, basi watu humhurumia wakamsemesha Kiswahili. Habo Sahra naye akaingia kwenye Kiswahili cha sokoni.

"Mzee Mwakio, hii msichana yenu iko mgonjwa?"

"Mgonjwa wa nini, Mama Sahra?"

"Mimi naleta mkebe. Nauliza kitu moja. Iko bombe ama hakuna bombe. Yeye kila siku naambia mimi inshallah. Wallahi, inshallah ya Hibo imekuwa refu kuliko barabara ya Wajir."

Wenzangu wawili waliinamia maziwa yao ili wasionekane wakicheka.

"Kama yeye amekunywa hiyo sibray, sema tu," aliendelea. "Mimi naleta ingine."

"Hajakunywa, Mama. Keti upate chai."

"Chai nakunywa duka yangu. Nikitoka kuswali adhuhuri nafunga, mkokoteni nabeba katoni naenda Galbet. Kama iko neno, Hibo ikuje na hiyo neno. Kama hakuna, basi, wanawake iko Galbet nasubiri zawadi." Akageuka, akaniangalia kwa mara ya kwanza, akanigusa shavu kwa kidole, akaondoka. Kile kidole kiliniumiza kuliko maneno yake.

Bwana Mwakio hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa nyuma yangu, akasema, "Haya, fanya kama unavyofanya, mimi sipo."

Nikafanya. Mizani, mrija, kichupa, mizani. Kisha, kama kawaida yangu, nikaupindua mkebe kichwa chini, nikabonyeza pua yake mpaka ikatoa sauti kavu ya hewa tupu, tsssss, nikaurudisha mezani.

"Hapo umefanya nini?"

"Nimesafisha pua, Mwalimu. Kimiminika kisikauke humo kikaiziba."

"Unafanya hivyo kila ukimaliza?"

"Kila nikimaliza. Na kabla sijaanza pia, kwa uhakika."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna. Imeandikwa kwenye mikebe ya rangi. Niliona ni uangalifu."

Alitikisa kichwa polepole. "Weka mkebe juu ya mizani. Umesoma? Sasa safisha pua, kwa uangalifu wako huohuo. Rudisha juu ya mizani."

Mkebe ulikuwa umepungua. Sikuwa nimechukua sampuli yoyote, na ulikuwa umepungua.

"Kimetoka nini?"

"Gesi."

"Na pombe?"

"Pombe haijatoka. Mkebe ukiwa kichwa chini, mrija wa ndani uko hewani, haugusi kimi..."

"Malizia."

"Gesi inapungua na pombe inabaki. Kwa hiyo kila nikipima, pombe inakuwa sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki."

"Kama chai iliyosahauliwa jikoni," alisema. "Maji yanapungua, sukari ni ileile, na kila anayeonja anasema wewe umeongeza sukari. Namba zako haziruki ovyo, Hibo. Zinapanda. Namba za mashine mbovu zingekwenda huku na huku. Hizi zina sababu, na sababu yake ni mkono wako safi."

Niseme kweli, nilitaka kulia kwa furaha. Kumbe mashine ni nzima. Kumbe hakuna kivuli juu ya ethanoli. Lakini furaha yangu haikudumu hata muda wa kumaliza kikombe cha chai. Papo hapo akili ikasimama tena ikakunja mikono. Basi vipimo vyote vitatu havifai, nikasema kwa sauti. Nianze upya na ule mkebe mzima. Niupoze kwanza kwenye barafu ili gesi itulie. Naitrojeni kwenye mtungi imebaki kidogo na mtungi mwingine uko njiani kutoka Nairobi. Nirekebishe mashine upya, nirudie mara kadhaa, niandike ripoti. Jumatatu. Jumanne ikichelewa.

"Hibo," alisema Bwana Mwakio. "Mama Sahra aliuliza nini?"

"Kuhusu spre."

"Aliuliza nini?"

"Ina pombe au haina."

"Aliuliza ni sehemu gani ya mia?"

"Hapana."

"Katika vipimo vyako vyote, kipo kimoja kilichokuonyesha haina?"

"Hakuna."

"Ulihakikisha ni ethanoli?"

"Nilichanganya na ethanoli safi, kilele kikabaki kimoja. Nilibadilisha bomba. Nilidunga kiyeyushi kitupu, hakikutoa kitu mahali pale."

"Basi jibu la swali lake ulikuwa nalo lini?"

Nilitazama mikono yangu. "Jumanne."

"Jioni?"

"Asubuhi."

Kisha akasema, bila ukali wowote, na maneno haya ndiyo niliyokuandikia barua hii ili yakufikie: "Binti yangu, wewe una shaka nzuri. Mtu asiye na shaka simpi ufunguo wa chumba hiki. Lakini shaka yako umeipa kazi isiyo yake. Una shaka ni kiasi gani, na shaka hiyo ni halali, ifanyie kazi hata wiki nzima. Huna shaka kwamba ipo. Ukaichukua shaka ya kiasi ukaifunika juu ya jambo ambalo unalijua, na chini yake kuna mama anangoja na katoni zake."

"Nikisema sasa, akaniuliza ni kiasi gani?"

"Utamwambia hujui bado. Kwani neno 'sijui' ni tusi?"

Kwangu mimi, mdogo wangu, lilikuwa tusi. Nilisoma miaka yote ile ili nisiwe mtu wa kusema sijui.

"Nikitaka naweza kumpigia simu mimi," alisema akiinuka. "Lakini mikebe alikuletea wewe." Akaenda zake kwenye maziwa.

Niliandika ujumbe kwenye simu. Nikaufuta. Nikaandika mwingine wenye maneno "kwa matokeo ya awali ambayo bado yanahitaji kuthibitishwa," nikajiuliza Habo Sahra atayafanya nini maneno hayo, nikaufuta nao. Saa ya ukutani ilikuwa inasogea kwenda adhuhuri. Nilivua koti la maabara, nikafunga mtandio vizuri, nikatoka. Ningependa kukuambia niliamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu kukaa kulikuwa kumeanza kuuma kuliko kwenda.

Nikamkuta anaswalia pembeni mwa duka. Nikangoja. Kijana wa mkokoteni alikuwa ameshapanga katoni, anazifunga kamba. Habo alipotoa salamu na kukunja msala, sikumpa nafasi ya kunitania. Nilisema kwa Kisomali:

"Habo, ina pombe."

Akasimama na msala mkononi. "Kidogo au nyingi?"

Hilo hapo. Swali nililolikimbia siku zote hizo, limekuja na miguu yake. Na ajabu ni kwamba halikuniua.

"Namba kamili sina bado," nikasema. "Mkebe ule mzima nitaupima vizuri na nitakuletea mwenyewe. Lakini si tone. Ni nyingi ya kuwaka, hilo nina hakika nalo. Na gesi inayoisukuma nayo ni jamaa ya gesi ya kupikia. Mtu akipuliza hii kwenye dirac kisha akasimama juu ya dabqaad, atashika moto."

Mwanamke wa meza ya jirani, auzaye ubani, alipiga makofi. "Sahra! Unawagawia wageni moto kwenye mfuko wa zawadi!"

"Nyamaza wewe, ubani wako unanuka beberu," Habo Sahra alimjibu bila kugeuka. Macho yake yalikuwa kwangu. "Ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo njia nzima: pua ya mkebe, gesi, chai inayokauka. Yote yaliniacha.

"Jumanne."

"Jumanne," alirudia. "Kwa hiyo binti ya Maryan amenipa inshallah siku mbili, na jibu liko naye."

"Ndiyo, Habo."

Kisha akamgeukia kijana. "Fungua kamba. Rudisha zote ndani." Kijana akalalamika kwamba ndiyo kwanza amefunga. "Na mimi ndiyo kwanza nimeambiwa. Fungua!" Akaingia dukani akaanza kuvuta chupa ndogondogo za attari kutoka rafu ya chini, akiziangalia moja moja na kunung'unika kwamba zawadi ya mafuta ni ya kizee, wasichana watamcheka. Alipoona bado nimesimama pale kama mtu aliyesahau nyumba yake, akanitupia mfuko mtupu.

"Kaa hapo ujaze. Siku mbili zangu utazilipa kwa mikono."

Nikakaa nikajaza mifuko mpaka alasiri. Hakusema tena juu ya Jumanne. Aliniuliza kama huko nilikosoma kuna mwanamume yeyote mwenye akili, na nilipomjibu hapana, akasema basi shule yangu haikuwa bure kabisa.

Wiki iliyofuata naitrojeni ilifika. Niliupoza ule mkebe mzima, nikaupima bila ile kazi ya kusafisha pua, nikarudia, na safari hii namba zilikaa pamoja kama watoto wa mama mmoja, chini kidogo ya ile ya kwanza kabisa. Ilikuwa namba nzuri, namba ya kujivunia. Haikubadilisha hata neno moja katika yale niliyomwambia Habo Sahra. Ripoti ilikwenda ofisi inayohusika, na Habo mwenyewe alizirudisha katoni kwa aliyemuuzia, na nasikia siku ile mtaa mzima ulijifunza maneno mapya.

Sasa nasaha yangu, mdogo wangu, niiseme wazi, nisikuachie kazi ya kuitafuta. Mtu anapokuletea kitu ukipime, sikiliza anachokuuliza, kisha ukipata jibu la swali hilo, mpe. Usimnyime kwa sababu bado hujapata majibu ya maswali ambayo hakuuliza. Shaka ikikujia, iulize inahusu nini. Kama inaweza kugeuza ndiyo iwe hapana, basi keti na mashine yako, na asikuharakishe mtu, awe mfanyabiashara au waziri. Lakini kama haiwezi kugeuza lolote isipokuwa tarakimu ya mwisho, sema unachokijua leo, sema na usichokijua, kisha urudi ukaipime hiyo tarakimu. Watu wanaweza kubeba "sijui bado." Ni wazima, wamebeba mazito zaidi. Wasichoweza kubeba ni ukimya wako, maana ndani ya ukimya kila mtu anaweka analolitaka.

Na usiuogope uangalifu wako, ila nao uuangalie. Mimi niliupindua mkebe ule kwa nia njema kila mara.

Allah akupe mkono uliotulia juu ya mizani na moyo usiojificha nyuma ya mizani. Akupe wakuu wanaouliza badala ya kufoka, na wateja wenye ulimi mkali na roho laini. Wanaokungojea nje ya mlango wa maabara awalinde mpaka utakapotoka kuwaambia, na wewe akupe nguvu ya kutoka mapema. Amin.